Risiti Ilikuwa Ndani ya Faili

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja hapa Makorora ambalo sitalitaja jina, waumini walichanga fedha za kuezeka upya. Mabati ya zamani yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari, kama yanavyoliwa mabati mengi ya Tanga, na masika yalipoanza wanakwaya walikuwa wakinyeshewa huku wanaimba. Michango ilianza Januari. Ilipofika Mei, watu walikuwa wametoa na bati hata moja halijaonekana. Mama mmoja, ndoo mkononi, akauliza bombani swali la haki kabisa: "Hivi zile hela za mabati ziko wapi?" Jioni yake swali lile lilikuwa limeshageuka jibu. Kwenye kijiwe cha kahawa ikasemwa mchungaji kajengea kwao. Kesho yake akawa kanunua kiwanja. Wiki haijaisha, kiwanja kikawa cha mwanamke.

Fedha zilikuwa dukani. Kamati ya ujenzi ilikuwa imemlipa muuza vifaa malipo ya awali kabla bei haijapanda, na mzigo ukachelewa. Risiti ilikuwa ndani ya faili la mhazini, imebanwa kwa pini, ina tarehe na mhuri. Aliyetaka kuiona angeiona kwa dakika tano. Hakuna aliyeomba, na mimi nimo. Nyumba ya mhazini haifiki hatua mia kutoka kwangu, na bado nilikaa kwenye benchi, nikasikiliza, nikatikisa kichwa, nikaenda zangu kulala.

Mabati yalifika Julai. Kufikia hapo kapu la sadaka lilikuwa jepesi, kwaya imegawanyika makundi mawili, na mtoto wa mchungaji, wa darasa la sita, amerudi nyumbani akilia kwa kuitwa mtoto wa mwizi. Mchungaji mwenyewe alikuwa ameshaomba uhamisho. Waliondoka asubuhi na mapema kwa lori dogo, magodoro yamefungwa juu, mkewe ameketi mbele, kajitanda kanga hadi machoni. Tuliokuwa tumechanga fedha zile tulisimama vibarazani kwetu tukawatazama wakipita. Hakuna aliyepunga mkono.

Nayaandika haya kwa waumini wenzangu, kwa wazee wa kanisa, na kwa viongozi wetu wa dini, maana nimeona jambo hili likirudi kwa sura tofauti, na kila linaporudi tunalipokea vilevile. Tuna methali tunayoikimbilia: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Tumeifanya methali hiyo kuwa ushahidi. Mtu akiitamka, mjadala umekwisha na hukumu imetoka, bila shahidi wala faili. Ninachotaka kusema ni kifupi: tuhuma dhidi ya kiongozi wa kanisa, iwe ya kweli au ya uongo, dawa yake ni moja. Ipelekwe upesi kwa mtu mwenye kazi ya kuithibitisha au kuifuta. Ikibaki kibarazani, ya uongo itaua asiye na hatia, na ya kweli itamwacha mkosaji aendelee.

Si kwetu tu

Padre Kevin Reynolds ni Mwairishi aliyefanya kazi ya umisionari Kenya, kisha akarudi kwao kuhudumia parokia ya Ahascragh katika kaunti ya Galway. Mei 2011, waandishi wa RTÉ, shirika la utangazaji la taifa la Ireland, walimfuata na kamera nje ya kanisa baada ya Misa ya Komunyo ya Kwanza ya watoto. Walimuuliza kuhusu madai kwamba alipokuwa Kenya alimbaka msichana mdogo akazaa naye. Alikana. Kupitia mawakili wake akajitolea kupimwa vinasaba kabla kipindi hakijarushwa. Tarehe 23 Mei kipindi kikarushwa vilevile. Padre akaachishwa utume, akaondoka kwenye nyumba aliyokuwa akiishi. Kipimo kilipofanyika kikaonyesha kwamba yeye si baba wa mtoto yule. Novemba mwaka huohuo RTÉ ikamwomba radhi na kumlipa fidia, na Mei 2012 mamlaka ya utangazaji ya Ireland ikalitoza shirika hilo faini ya euro 200,000.

Ukiiangalia habari hiyo kwa makini, utaliona faili la mhazini wetu humo ndani. Kipimo kilikuwepo. Mtuhumiwa mwenyewe alikileta mkononi, akasema nipimeni. Kilichokosekana ni mtu wa kusema tusubiri majibu kwanza.

Hapa jirani, Uganda, uongo ulikwenda mbali zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari wa Idi Amin waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu wa Anglikana, Janani Luwum, wakidai anaficha silaha. Walipekua, hawakupata kitu. Uongo ulipaswa kufa usiku ule. Haukufa, kwa sababu walioutunga hawakuwa wakitafuta silaha. Tarehe 16 Februari aliitwa Kampala, tuhuma zikasomwa mbele ya umati wa askari, akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Siku iliyofuata serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari, nao walikuwa wameuawa. Jumapili yake maelfu ya waumini walikusanyika kwenye kanisa kuu la Namirembe na kusali kando ya kaburi ambalo halikuwa na mwili. Askofu Festo Kivengere alilazimika kukimbia nchi. Kondoo walipigwa pamoja na mchungaji wao, na leo Uganda huiadhimisha tarehe 16 Februari kama sikukuu ya taifa.

Na kuna wakati tuhuma hutoka ndani ya kanisa lenyewe. Mwaka 2015, makasisi watatu wa Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mlima Kenya Magharibi, walisimamishwa kwa tuhuma za mapenzi ya jinsia moja. Walikwenda mahakama ya kazi mjini Nyeri, na mwaka 2016 mahakama ikaona ushahidi haupo, ikaamuru warudishwe kazini na kulipwa. Ilibidi jaji aulize swali ambalo kikao cha kanisa kilipaswa kuuliza siku ya kwanza: ushahidi uko wapi?

Anayeumia ni nani

Tukidhani anayeumia ni mtuhumiwa peke yake, hatujaelewa. Mkewe huacha kwenda sokoni saa za watu wengi. Watoto husikia shuleni maneno ambayo wazazi wao hawajathubutu kuyatamka nyumbani. Wazee wa kanisa, waliofanya kazi pamoja miaka ishirini, hugawanyika kuwa wa upande huu na wa upande ule. Wagonjwa waliokuwa wakitembelewa kila Alhamisi hukaa bila kutembelewa. Kijana aliyekuwa ameanza kurudi kanisani hupata sababu ya kuondoka, na hata ukweli ukidhihirika harudi, kwa kuwa alichokiona ni namna tunavyotendeana.

Yupo mwingine ambaye hatumtaji kabisa, naye ni yule aliyedhulumiwa kweli. Binti aliyeguswa vibaya na mwalimu wa kwaya huwa anasikiliza. Ameona kanisa likichezea tuhuma kama mpira, ameona ya uongo ikivuma mwezi mzima kisha ikafa bila mtu kuomba radhi. Akijitokeza yeye ataambiwa, haya ni yale yale ya mwaka jana. Kila uzushi tunaouacha upite bila kuuchunguza unamfunga mdomo mtu mwenye la kweli la kusema.

Kwa sababu hiyo nawaomba viongozi wasiitumie makala hii kama ngao. Madai ambayo hayajathibitika hayajawa uongo kwa hilo tu. Kuna uongo uliotungwa kwa makusudi, kuna kosa la kuelewa kama lile la mabati, na kuna jambo la kweli ambalo ushahidi wake bado haujakusanywa. Mara nyingi mistari ya Zaburi kuhusu kutowagusa wapakwa mafuta husomwa ili maswali yanyamaze. Paulo alimwandikia Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19), na mstari unaofuata akasema wanaotenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Wako wanaosoma wa 19 wakauruka wa 20, na wako wanaouanza wa 20 bila kupitia wa 19. Mistari hiyo iliandikwa pamoja na isomwe pamoja.

Ukisikia, fanya hivi

Ukiambiwa habari ya kiongozi wako, uliza maswali manne kabla hujaongeza neno: nani aliona kwa macho yake, lini, wapi, na je, yuko tayari kulisema hilo kwa jina lake mbele ya wahusika? Aghalabu utajibiwa "wanasema". Huyo "wanasema" hana nyumba wala hana mjumbe wa nyumba kumi. Mwambie mwenzako kwa upole: basi twende kwa mhazini, au twende kwa mzee wa mtaa, mimi nitakusindikiza. Akikataa kwenda, umeshajua uzito wa habari yake. Akikubali, umemsaidia.

Ikija kwenye simu, usiisambaze, hata kwa kuuliza "jamani ni kweli?" Swali la namna hiyo husafiri kwa mwendo uleule wa tuhuma. Sauti iliyorekodiwa na picha ya skrini hukatwa kirahisi, ikaachwa sehemu inayochoma tu. Na sheria ipo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa anayechapisha habari akijua ni za uongo kwa nia ya kumchafua mtu au kupotosha umma. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sikutishi. Ninakukumbusha kwamba neno lililotumwa lina mwenyewe.

Lakini habari ikihusu mtoto, ubakaji, kipigo au kosa lolote la jinai, usiipeleke kwenye kikao cha wazee ili "imalizwe kifamilia". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mwone ofisa ustawi wa jamii, au piga 116 bila malipo. Huhitaji kuwa na uhakika wote. Kazi ya kupata uhakika ni yao. Kutoa taarifa kwa nia njema mahali panapohusika si kumzushia mtu, na kiongozi asiye na hatia hana sababu ya kuuogopa uchunguzi wa haki. Ndio utakaomsafisha.

Wazee wa kanisa, hapa pana kazi yenu

Uvumi huota pale ambapo maswali hayana pa kwenda. Yule mama wa bombani hakuwa mchonganishi. Alikuwa na swali na hakuwa na mlango wa kubisha. Basi kila kanisa liwe na watu wawili au watatu, mwanamke akiwa mmojawapo, wanaojulikana kwa majina kwamba ndio wapokeao malalamiko. Wasiwe ndugu wa mchungaji wala mahasimu wake. Katika Kanisa Katoliki, Papa Fransisko aliagiza mwaka 2019 kila jimbo liwe na utaratibu wa kupokea taarifa za unyanyasaji, na utaratibu huohuo unamtaka mtuhumiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike. Makanisa madogo, hata lile la mabati sita na viti vya plastiki, yanaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote.

Malalamiko yakija, yaandikwe: tarehe, mahali, mashahidi, sahihi. Mtuhumiwa aambiwe anatuhumiwa nini hasa, na apewe nafasi ya kujibu. Ikibidi akae pembeni kupisha uchunguzi, aendelee kulipwa na kukaa nyumbani kwake, na waumini watangaziwe kwa maneno yaliyopimwa: kuna jambo linachunguzwa, huyu amepisha, hii si hukumu, majibu yatatolewa kufikia tarehe fulani. Tarehe hiyo itajwe na iheshimiwe. Ukimya wa miezi sita ni hukumu tosha. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Kanisa lisifanye pungufu ya hapo.

Kuhusu fedha, nawasihi sana. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua watatu, papo hapo, na wote watie sahihi. Akaunti iwe ya kanisa chini ya wadhamini wake, isiwe namba ya simu ya mchungaji, na fedha zisitoke kwa sahihi ya mtu mmoja. Kila mwezi karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani, mahali ambapo hata mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuisoma. Kama risiti ile ya mabati ingebandikwa mlangoni mwezi Mei, familia ile isingepanda lori. Uwazi ni ulinzi wa mchungaji kabla haujawa ulinzi wa waumini. Vivyo hivyo kwa watoto: milango iwe wazi, watu wazima wawe wawili, na mtoto asipelekwe peke yake chumbani kwa mtu, hata kama mtu huyo amevaa joho au kofia.

Kiongozi uliyetuhumiwa

Najua unaumia, na najua unatamani Jumapili ifike upande mimbarini ujibu. Usifanye hivyo. Mimbari haikuwekwa kwa ajili ya kesi yako, na waumini waliokuja na misiba yao wasirudi nyumbani na wa kwako. Usimlaani anayekutuhumu, usimfuate kwake, usitume watu. Andika kila unachokumbuka, kusanya nyaraka, tafuta mwanasheria kama jambo lina sura ya jinai, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kuomba uchunguzi, kama yule padre alivyosema nipimeni. Kisha kaa na mkeo na watoto, uwaambie kinachosemwa kabla hawajakisikia kwa wengine. Mtafute kiongozi mwenzako wa kusali nawe na kukusikiliza usiku ambao usingizi hauji. Mzigo huu ni mzito. Usikubali kuubeba peke yako.

Na kama tuhuma ni ya kweli, sema. Kila siku unayokaa kimya unawaacha watu wanaokupenda wakiapa kwa ajili ya uongo wako.

Akisafishwa, asafishwe kweli

Hapa ndipo tunaposhindwa zaidi. Mabati yalipofika, mzee mmoja alisimama baada ya matangazo, akasoma risiti kwa sauti ndogo, akaketi. Waliosikia ni waliokuwepo siku ile. Tuhuma ilikuwa imeshafika Mabawa na Chumbageni, imeingia kwenye daladala. Risiti ilibaki ukumbini.

Kufutwa kwa tuhuma kutangazwe kila mahali tuhuma ilipofika, kwa sauti ileile. Kama ilikuwa kwenye kundi la simu, ifutwe kwenye kundi lile, na aliyeituma ndiye aandike. Kama ilisemwa jumuiyani, isemwe jumuiyani. Kama uongozi wa juu uliandika barua ya kusimamisha, uandike barua ya kurudisha, isomwe ibadani na aliyeandika ya kwanza. Torati ilimwekea shahidi wa uongo adhabu aliyokusudia impate mwenzake. Sheria ya Kanisa Katoliki inasema anayekiri kwamba alimzushia muungamishi kosa la kumshawishi mtu kwenye dhambi hawezi kuondolewa dhambi mpaka akane rasmi alichosema na awe tayari kufidia madhara. Simaanishi tufukuze watu. Namaanisha kwamba msamaha bila kurekebisha unamwacha aliyechafuliwa na matope yake.

Jirani zangu wengi hapa Makorora ni Waislamu, na sauti ya adhana ndiyo inayotuamsha sote alfajiri. Mzee mmoja wa kijiweni, swahibu wangu, aliwahi kunikumbusha kwamba katika sura ya Hujurat waumini wameamriwa wahakikishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Alikuwa akizungumzia mabati. Alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile jioni ile, naye pia alinyamaza. Tulikubaliana kwamba vitabu vyetu vyote viwili vilikuwa vimetuonya, na wote wawili tulikuwa tumekwenda kulala.

Mwaka uliofuata nilipata anuani ya mchungaji yule nikamwandikia. Nilimweleza nilikokuwa nimekaa, nilichosikia, na kwamba nilijua nyumba ya mhazini ilipo. Alinijibu kwa mistari michache, akaniuliza kama paa linavuja. Nikamjibu halivuji.

Jumapili hii, ibada ikiisha, mwulize mzee wako wa kanisa swali moja: mtu akiwa na lalamiko juu ya kiongozi wetu, anampelekea nani? Akikutajia jina, liandike. Asipokuwa na jina la kukutajia, msiondoke hapo mpaka mmepanga siku ya kukaa na kulipata.